John Quincy Adams: Rais Aliyepata Sauti Baada ya Kupoteza Cheo

Wakitajwa marais wa Marekani wa karne ya 19, wengi wetu humkumbuka Abraham Lincoln. Ni wachache wanaomkumbuka John Quincy Adams, Rais wa sita, aliyetawala kuanzia mwaka 1825 hadi 1829. Pengine ni kwa sababu urais wake haukufanikiwa sana. Lakini, ndugu msomaji, mtu huyu alifanya kazi yake kubwa kuliko zote baada ya kutoka Ikulu, na hilo ndilo linalotufanya tumtazame leo.

Alizaliwa tarehe 11 Julai 1767 huko Braintree, Massachusetts. Baba yake, John Adams, alikuwa miongoni mwa waasisi wa taifa hilo na baadaye akawa Rais wa pili. Akiwa na umri wa miaka kumi alisafiri na baba yake kwenda Ulaya, na alipofikisha miaka kumi na minne alikwenda St. Petersburg, Urusi, akiwa katibu wa mjumbe wa Marekani. Alianza kuandika shajara yake mwaka 1779 na aliendelea nayo karibu hadi kufa kwake. Alisoma Harvard, akawa mwanasheria, balozi katika nchi kadhaa za Ulaya, seneta, na hatimaye Waziri wa Mambo ya Nje chini ya Rais James Monroe. Katika wadhifa huo alifanikisha mkataba wa mwaka 1819 ambao uliipatia Marekani jimbo la Florida kutoka Hispania.

Uchaguzi wa mwaka 1824 ulikuwa na wagombea wanne, na hakuna aliyepata wingi wa kura uliotakiwa. Andrew Jackson aliongoza, lakini kwa mujibu wa Katiba uamuzi ulihamia Baraza la Wawakilishi, nalo likamchagua Adams. Alipomteua Henry Clay, aliyemuunga mkono, kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, wapinzani walidai kwamba wawili hao walikuwa wamekula njama. Doa hilo halikufutika. Adams alipendekeza barabara, mifereji, chuo kikuu cha taifa na kituo cha kuchunguza nyota, lakini Bunge lilikataa sehemu kubwa ya mipango yake. Mwaka 1828 alishindwa vibaya na Jackson. Mwaka uliofuata mtoto wake wa kwanza, George, alifariki kwa kuzama majini. Ilionekana kama maisha yake yamefikia mwisho.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Kwa miaka mingi Adams aliuona utumwa kuwa uovu mkubwa, na mwaka 1820 aliyaandika hayo waziwazi katika shajara yake. Hadharani, hata hivyo, alikaa kimya. Waziri mwenye matumaini ya kuwa Rais alihitaji kura za majimbo ya kusini, nayo yaliishi kwa jasho la watumwa.

Mwaka 1830 wananchi wa wilaya yake walimchagua kuwa mbunge. Wengine waliona ni aibu kwa mtu aliyekuwa Rais kukaa kwenye kiti cha kawaida. Yeye hakuona hivyo. Mwanzoni bado alikuwa mwangalifu, lakini mwaka 1836 Baraza lilipitisha kanuni kwamba maombi yote ya wananchi kuhusu utumwa yawekwe kando bila kusomwa wala kujadiliwa. Kwa Adams hili lilikuwa shambulio dhidi ya msingi wenyewe wa dola: anayetawaliwa akinyimwa hata nafasi ya kuomba, amebakiwa na nini? Akawa anasimama kila mara na maombi hayo mkononi, akizomewa na kuamriwa kukaa. Mwaka 1842 walijaribu kumkaripia rasmi mbele ya Baraza. Alijitetea kwa siku nyingi hadi wakaiacha hoja yao. Tarehe 3 Desemba 1844, baada ya miaka minane, kanuni ile ilifutwa kwa hoja aliyoileta yeye.

Katikati ya mapambano hayo ilitokea kesi ya merikebu Amistad. Mwaka 1839 Waafrika waliotekwa katika eneo la Sierra Leone ya leo waliuzwa Havana, Cuba, kinyume cha mikataba ya Hispania yenyewe. Wakiwa baharini, wakiongozwa na Sengbe Pieh, waliasi na kuiteka merikebu ili warudi kwao. Wahispania waliobakizwa hai wauongoze usukani waliwadanganya, wakawa wanageuza njia nyakati za usiku, hadi wakakamatwa karibu na pwani ya New York. Adams, akiwa na umri wa miaka 73 na baada ya zaidi ya miaka 30 bila kusimama mbele ya Mahakama ya Juu, alikubali kuwatetea pamoja na wakili Roger Baldwin. Tarehe 9 Machi 1841 Mahakama iliamua kwamba walikuwa watu huru. Thelathini na watano kati yao walifika Sierra Leone mwanzoni mwa mwaka 1842.

Tarehe 21 Februari 1848 Adams alianguka akiwa kitini pake Bungeni, na siku mbili baadaye akafariki ndani ya jengo hilo hilo. Miongoni mwa wabunge wa Baraza hilo alikuwamo kijana Abraham Lincoln. Utumwa ulifutwa katika Katiba mwaka 1865.

Aristotle anatufundisha kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda matendo ya kijasiri. Adams hakuzaliwa mtetezi wa watumwa. Alikua kuwa mtetezi, ombi moja baada ya jingine, akiwa mzee. Husemwa kwamba cheo ni dhamana. Maisha yake yanaongeza kwamba cheo kinaweza pia kuwa kizibo cha mdomo kwa anayekitamani mno. Basi tusisubiri kushindwa ndipo tuseme kile ambacho dhamiri ilishatuambia zamani.