Ludwig Krapf na Kitabu cha Utotoni: Kutoka Derendingen hadi Kitui

Jina la Johann Ludwig Krapf halikosi kutajwa popote historia ya Kiswahili inapofundishwa. Hutajwa kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kwa kamusi yake kubwa ya mwaka 1882, kisha mhadhara husonga mbele hadi kwa Edward Steere na usanifishaji wa lugha. Upande mmoja wa maisha yake huachwa nyuma, nao ni kwamba kabla hajawa mtunzi wa kamusi alikuwa mtoto aliyenaswa na kitabu cha maajabu, na kwamba kitabu hicho kiliandamana naye kwa namna fulani hadi Ukambani, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Makueni na Kitui. Safari zake mbili huko, ya 1849 na ya 1851, hazieleweki vyema pasipo kuanzia kitabuni.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen nchini Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililotendwa na mtoto mwingine, akaugua kwa muda wa miezi sita hivi. Kitandani hapo ndipo alipozama katika usomaji, hasa wa Biblia, na visa vya mababu wa Agano la Kale vikawa chakula chake cha kila siku. Baada ya kupona alipata nafasi ya kuingia shule mjini Tübingen. Baba yake alimpatia kitabu cha ramani, naye mtoto akagundua jambo ambalo wengine hawakulijali: sehemu ya mashariki ya Afrika, upande wa Adali, ilikuwa na majina machache mno. Karatasi ilikuwa tupu. Wakati huohuo muuza vitabu mmoja wa mjini alikuwa amemwazima juzuu moja ya safari za James Bruce nchini Uhabeshi, na juzuu hiyo ilisheheni habari za fisi. Basi mtoto akajiuliza kama pale patupu kwenye ramani napo palijaa fisi.

Inafaa kumweleza Bruce kidogo, kwa kuwa hatima ya kitabu chake ilikuja kufanana na ile ya msomaji wake. Bruce alikuwa Mskoti aliyekaa Uhabeshi katika miaka ya 1769 hadi 1771 na kufika chimbuko la Nili ya Buluu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1790, juzuu tano nzito. Wakubwa wa London hawakumwamini. Walicheka habari zake za watu walao nyama mbichi, wakamweka katika kundi la waongo wa safari, na kazi yake ikasomwa na wengi kama hekaya ya kuburudisha. Krapf mdogo hakujua kwamba alikuwa akisoma kitabu kilichodhihakiwa. Alikisoma kama watoto wasomavyo, kwa kuamini, na alikuwa na juzuu moja tu mkononi. Yamkini upungufu huo wenyewe ulimzidishia hamu, maana msomaji aliyepata kipande cha hadithi hubaki akiwaza vipande vingine vimekwenda wapi.

Hatua zilizofuata zaweza kupitiwa kwa haraka. Alisomea umisionari mjini Basel, akajiunga na Church Missionary Society ya Uingereza, na mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi, nchi ileile ya Bruce. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akaishi Shoa kuanzia 1839 hadi 1842. Ulaji wa nyama mbichi uliowachekesha watu wa London ulikuwa, na ungali, desturi ya kawaida ya karamu za nchi hiyo. Krapf alikuwa na kila sababu ya kujifunza hapo kwamba jambo laweza kuonekana la ajabu kwa msomaji wa mbali na bado likawa kweli tupu kwa aliyelishuhudia.

Alifika Unguja mwezi Januari 1844, akapokewa na Sayyid Said, na mwezi Mei akahamia Mombasa. Julai mwaka huohuo alifiwa na mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, wote katika muda wa siku chache. Huzuni hiyo haikumsimamisha. Tayari mwezi Juni alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Johannes Rebmann aliungana naye mwaka 1846 na wakafungua kituo Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Jakob Erhardt alifika mwaka 1849. Watu hawa watatu waliishi kama chama kidogo cha wasomaji: waliwahoji wafanyabiashara wa misafara, wakalinganisha masimulizi ya huyu na ya yule, wakaijadili ramani ileile iliyokuwa tupu tangu utoto wa Krapf.

Tarehe 1 Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kuelekea Ukambani. Alipita nyika ya Taita, na katika safari hiyo alijionea Kilimanjaro kwa macho yake. Akavuka hadi Kikumbulyu, upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo, ambako aliingia miongoni mwa Wakamba waliozoea kuiona misafara ikipanda na kushuka. Kutoka huko alielekea Kitui, nyumbani kwa Kivoi Mwendwa, akafika mwishoni mwa mwezi huo. Kivoi hakuwa mwenyeji wa kawaida. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, kiongozi wa misafara ya mamia ya watu iliyofika Mombasa, na mtu aliyeijua nchi kutoka pwani hadi ng'ambo ya mto Tana. Mgeni alikuja na karatasi yenye nafasi tupu, ilhali mwenyeji alikuwa na nchi nzima kichwani mwake.

Kivoi ndiye aliyemweleza Krapf habari za mlima mkubwa ulioko mbele, mweupe kileleni. Mawingu yaliuficha, na kwa siku kadhaa mgeni alikuwa na maneno ya mwenyeji wake tu. Kulikuwa na shahidi mwingine, Rumu wa Kikandi, mtu wa Embu, aliyesema kwamba aliwahi kuufikia mlima lakini hakupanda juu kwa sababu ya kitu cheupe kiitwacho kirira, kitu baridi kilichoporomoka kwa ngurumo. Msomaji wa leo anatambua mara moja kwamba habari hiyo yahusu barafu. Krapf naye alitambua. Hakuigeuza kuwa ngano ya mizimu, wala hakusubiri Mzungu mwingine aithibitishe. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, aliona mfano wa pembe mbili zikichomoza juu ya mlima mkubwa, zimefunikwa na weupe. Jina alilolipokea kwa matamshi ya Wakamba aliliandika Kegnia, na mahali pengine Kenia. Nchi nzima ilikuja kuitwa kwa jina hilo, na wengi hawakumbuki kwamba lilipokelewa Kitui.

Yaliyotokea London yalikuwa kama marudio ya yale ya Bruce. William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto ya wamisionari. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu bara la ndani, alichokijenga kwa kusoma kazi za wengine. Cooley hakuwa mjinga, tena alikuwa amesoma mengi kuliko Krapf. Tofauti yao ilikuwa katika namna ya kusoma. Cooley alipima ushahidi wa Kivoi kwa kipimo cha maktaba yake na akauona hautoshi, ilhali Krapf, mtoto wa juzuu moja iliyodhihakiwa, alikuwa tayari kuamini kwamba mtu wa mbali huenda anasema kweli. Sifa kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya Kivoi na Rumu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na maarifa yenyewe. Historia nyingi humwita Krapf mgunduzi wa mlima huo, na jina hilo halimfai. Alikuwa msikilizaji mwema, na katika karne yake hilo halikuwa jambo dogo.

Safari ya pili, iliyoanza Julai 1851, haikuwa na furaha ya ile ya kwanza. Krapf alikusudia kufungua kituo cha misheni Yatta. Msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi njiani, na alipofika Yatta wachukuzi wake walimwacha, kibanda chake kikabaki hakifai kukaliwa. Akaenda tena kwa Kivoi. Mwezi Agosti Kivoi alikuwa akifunga safari ya pembe kuelekea Tana, na Krapf, aliyetamani kuuona mto huo, akafuatana naye. Karibu na mto walivamiwa. Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake, na Krapf akajikuta peke yake porini. Alitangatanga akitembea usiku na kujificha mchana, akiwa amebeba maji ya mto katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Alipofaulu kurudi kwenye kijiji cha marehemu, baadhi ya jamaa walimlaumu kwa kutomlinda mwenyeji wake au kufa pamoja naye, na maisha yake yakawa hatarini. Alitoroka usiku, akashika njia ya Yatta, na hatimaye akafika Rabai.

Waandishi wengi wa habari za Krapf hukisimulia kisa hiki kama ushujaa wa mtu mmoja, na chaelekea kusomwa hivyo hata shuleni. Kwa jamaa za Kivoi mizani ilikuwa nyingine. Mgeni alikuja mara mbili, mara ya pili mkuu wa ukoo akafa na mgeni akapona. Malalamiko yao hayakuwa ya kishenzi, bali ya watu waliofiwa na kiongozi aliyewaunganisha na pwani na bara. Kifo hicho kiliifunga kwa Krapf njia ya Ukambani, na ndoto ya kituo cha Yatta ikaishia hapo.

Kuna pengo jingine, na hili lawahusu zaidi wanafasihi. Injili ya Marko kwa Kikamba, aliyoichapisha Tübingen mwaka 1850, pamoja na msamiati wake wa lugha sita wa mwaka huohuo, vyaonyesha kwamba aliyasikia maneno ya Kikamba kwa makini. Ngano za Kikamba hakuzikusanya. Mtu aliyeanza safari yake kwa kitabu cha maajabu alilala katika maboma ya Kitui, penye masimulizi ya fisi wasiopungua wale wa Bruce, akaondoka na nomino na vitenzi. Kazi hiyo ilimngojea Gerhard Lindblom wa Sweden, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, na baadaye John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyechapisha mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba mwaka 1966. Kwa fasihi ya Kiswahili Krapf alikuwa mkarimu zaidi. Ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi, ukiwemo Utenzi wa Herekali, ambayo ilihifadhiwa Halle, ingawa chuki yake kwa Uislamu ilimfanya apinge hati ya Kiarabu iliyotumika kuiandika.

Afya ilimlazimisha kuondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, na mwaka 1858 akatoa kitabu chake cha safari kwa Kijerumani, kilichofuatwa na toleo la Kiingereza mwaka 1860. Mwaka 1862 alirudi kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Miaka iliyobaki aliitumia juu ya karatasi. Mwaka 1875 Rebmann alirejea Ujerumani akiwa kipofu, baada ya karibu miaka 29 bila kuondoka Afrika, akaja kuishi Korntal jirani na rafiki yake. Wasomaji wawili wa Rabai wakawa pamoja tena, lakini sasa mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma. Rebmann alifariki Oktoba 1876. Mwaka uliofuata kamusi yake ya Kinyasa, aliyoipata kwa kuzungumza na Salimini, mtumwa aliyekuwa Mombasa, ilichapishwa ikiwa imehaririwa na Krapf.

Krapf mwenyewe alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyoegemea Kimvita, ilitoka London mwaka uliofuata. Cooley alifariki mwaka 1883, na mwaka huohuo Joseph Thomson, akipitia Laikipia, aliufikia mlima mweupe ambao Kivoi alikuwa ameusimulia Kitui miaka 34 kabla.