David Livingstone: alitaka mnyama abebe mzigo, akaishia kubebwa na watu

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mzigo unatembea juu ya kinga, juu ya pikipiki, ao juu ya kichwa cha mama anayetoka shambani. Gari ya kukokotwa na farasi haionekani. Watu wengine wanadhani ni juu ya umaskini, ao kwamba wazee hawakuwaza kufuga wanyama wa kazi. Lakini sababu kubwa ni inzi mmoja mdogo anayeitwa mbung'o, ao tse-tse, mwenye kuuma kando ya mito na ndani ya pori.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtu mmoja alijaribu kushindana na inzi huyo. Jina lake David Livingstone. Wengi wanamjua kama mmisionari na mtembezi aliyetafuta chanzo cha mto Nil. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliishi pamoja na wanyama wa mizigo, akiwaangalia, akiwatibu na kuwapoteza. Wachache zaidi wanajua kwamba safari yake ilimfikisha Kabambare, akilala chini miezi mingi juu ya vidonda vya miguu.

Ng'ombe wa nira

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, inchi ya Scotland. Familia yake ilikuwa maskini. Alipofika umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Baadaye alijifunza uganga katika Glasgow, akawa muganga na mmisionari. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini.

Kule watu walisafiri kwa magari makubwa ya mbao yanayokokotwa na ng'ombe, wawili wawili chini ya nira. Ng'ombe wa kazi hapatikani kwa siku moja. Anazoeshwa angali kijana, anafungwa pamoja na mwenzake anayejua kazi, na pole pole anazoea sauti ya dereva. Akikosa majani, maji na pumziko, hakuna fimbo itakayomfikisha mbali. Kwa magari hayo Livingstone alivuka jangwa la Kalahari, akafika ziwa Ngami mwaka 1849.

Alipoendelea kaskazini mwaka 1851, hali iligeuka. Hakuona inzi wengi juu ya ng'ombe, hata hivyo 43 walikufa. Aliandika dalili moja moja: macho na pua vinatoa maji, nywele zinasimama kama mnyama anasikia baridi, uvimbe unatokea chini ya taya, halafu mnyama anakonda hata kama anakula kila siku. Mwanadamu aliumwa na inzi yule yule bila kuanguka namna hiyo, na hilo lilimshangaza sana.

Farasi aliyeonekana amepona

Alipokuwa akiishi Kolobeng, katika Botswana ya leo, aliachiwa farasi jike wa mwindaji mmoja. Farasi huyo alikuwa ameumwa na mbung'o na alikuwa karibu kufa. Livingstone alimpa arseniki kidogo kidogo ndani ya shayiri, kwa muda wa juma moja hivi. Arseniki ni sumu, lakini waganga wa wakati ule waliitumia kama dawa.

Ngozi ya farasi ilitoka vipele, naye akasimamisha dawa. Vipele vilipokauka, nywele zililala na kung'aa. Kwa macho, farasi amepona. Lakini hakunenepa, na baada ya miezi michache nywele zilisimama tena. Dawa ilirudiwa, haikusaidia. Farasi aliendelea kukonda mpaka akafa.

Mwaka 1858 Livingstone alitangaza habari hiyo katika gazeti la waganga wa Uingereza. Hakuficha kwamba farasi alikufa. Hata hivyo alikuwa ameonyesha njia: baada ya mwaka 1900, dawa zenye arseniki zilitumiwa kutibu watu wenye ugonjwa wa usingizi, pia katika Kongo ya Wabelgiji.

Sinbad, ng'ombe mwenye kichwa kigumu

Kati ya 1853 na 1856 Livingstone alivuka Afrika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alifika Luanda tarehe 31 Mei 1854, akarudi nyuma, na tarehe 20 Mei 1856 akafika Quelimane, upande wa bahari ya Hindi. Sehemu kubwa ya njia ya Luanda alipanda ng'ombe aliyeitwa Sinbad.

Sinbad alikuwa na mgongo laini, lakini tabia yake ilikuwa mbaya. Pembe zake zilielekea chini na kulegea, kwa hiyo hakuweza kumchoma mtu. Aliongozwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti kilichopita puani. Katika njia nyembamba alikuwa akiruka pembeni ghafla, na mwenye kumpanda akipigwa na matawi ao kuangushwa. Livingstone alikuwa na homa mara nyingi katika safari ile, na bila mgongo wa Sinbad pengine hangefika.

Jaribio la 1866

Livingstone alikuwa na wazo moja lililomshika kabisa. Aliona kwamba biashara ya pembe za tembo ilitembea pamoja na utumwa, kwani pembe zilihitaji migongo ya watu, na watumwa walikuwa migongo isiyolipwa. Akawaza kwamba kama mnyama angeweza kubeba mzigo katika inchi yenye mbung'o, biashara ya halali ingepata njia yake, na mfanyabiashara wa watumwa angekosa faida.

Kwa hiyo, alipoanza safari yake ya mwisho, alileta wanyama kutoka Bombay ili kuwajaribu: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu wa mizigo 2, na punda 4. Nyumbu huyo si yule wa porini, ni mtoto wa punda na farasi. Wanyama walipakiwa ndani ya jahazi kutoka Zanzibar, na mwezi wa Machi 1866 wakashushwa Mikindani, karibu na mto Ruvuma. Watu wake walikuwa askari Wahindi 13, watu 10 wa kisiwa cha Anjouan, vijana 9 waliookolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko India, na wengine wachache. Kati ya hao wachache walikuwa Susi na Chuma.

Taabu ilianza mapema. Ngamia ni mrefu, na njia za pori zilikatwa kwa kimo cha mtu, basi ilibidi kuwalipa Wamakonde wakate matawi ya juu. Mbung'o wakaonekana wakinyonya damu ya ngamia na nyati. Wanyama wakaanza kulegea, mmoja baada ya mwingine.

Lakini Livingstone aliona jambo lingine pia. Askari waliopewa kazi ya kutunza wanyama waliwapakia mizigo mizito kupita kiasi, wakawaacha juani bila kuwafungua, wakawapiga. Migongo ilikuwa na vidonda, na alama za fimbo zilitoa damu. Hapo jaribio likaharibika. Mnyama akifa, nani ajue kama ameuawa na inzi ao na mkono wa mtu? Livingstone hakuweza kujibu.

Ndama wa mwisho alikuwa na habari yake. Askari walibaki nyuma, wakamchinja na kumla, halafu wakaleta taarifa kwamba ameliwa na chui milia. Livingstone aliwauliza kama waliona ile milia ya mnyama. Wote wakakubali kwamba waliiona wazi kabisa. Afrika ina chui wa madoa na simba. Chui milia anaishi Asia. Askari hao walirudishwa pwani mwaka ule ule.

Baada ya hapo mizigo ilirudi juu ya vichwa vya watu, kama kwa misafara yote.

Miezi ya Kabambare

Mwaka 1867 sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na mpagazi aliyetoroka. Afya yake ilivunjika. Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akabebwa juu ya kitanda na watu wa msafara wa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Yaani mtu aliyepinga biashara ile aliokolewa nayo, juu ya mabega ya wapagazi wake.

Tarehe 21 Septemba 1869 alifika Kabambare, ambayo katika daftari zake aliiandika Bambarre. Alitaka kuufikia mto Lualaba. Alitoka mara mbili, akazuiwa na mvua, matope na ugonjwa. Kati ya mwaka 1870 watu wake karibu wote walimkataa, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Miguu ikatoka vidonda vilivyokula nyama, na tarehe 22 Julai 1870 akarudi Kabambare akichechemea.

Siku karibu 80 hakuweza kutoka nje ya nyumba. Muganga aliyekuwa akitibu farasi na ng'ombe sasa alijitibu mwenyewe. Kilichomsaidia ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba. Alilisaga juu ya jiwe lingine, akachanganya na maji, akapaka juu ya kidonda kwa unyoya wa ndege. Alitoka Kabambare tarehe 16 Februari 1871, baada ya kufikiwa na watu waliotumwa kutoka pwani.

Mwisho wa Machi alifika Nyangwe, katika teritware ya Kasongo ya leo. Soko la Nyangwe lilikusanya watu maelfu, wengi wao wanawake wenye kubeba vyungu, samaki, kuku na mihogo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa msafara wa wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni. Wengine walipigwa risasi, wengine walizama mtoni walipokimbilia mitumbwi. Hesabu aliyoiandika Livingstone ni kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, nalo likafungwa mwaka 1873.

Livingstone alirudi nyuma kwa miguu. Katika pori la Maniema alirushiwa mikuki ikamkosa, kwani wenyeji walidhani ni mmoja wa wale walioua na kuchoma vijiji. Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu. Henry Stanley alimkuta kule. Stanley naye alikuwa ameanza safari na farasi wawili kutoka pwani, na wote wawili walikufa njiani.

Punda wa mwisho

Stanley alimnunulia punda. Januari 1872, njiani kwenda Tabora, nyuki waliwavamia. Punda wa pili alikimbia. Yule wa Livingstone alijiviringisha chini, akaumwa kichwani, usoni na midomoni, akafa baada ya siku mbili. Livingstone mwenyewe alikimbilia vichakani akizungusha tawi kichwani.

Agosti 1872 alitoka tena kuelekea ziwa Bangweulu, akipanda punda kila alipochoka. Tarehe 21 Aprili 1873 alijaribu kupanda, lakini hakuweza tena kukaa juu yake. Akafanyiwa kitanda cha kubebwa. Alikufa kwa chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo. Hakuna mnyama aliyefanya kazi hiyo. Ilifanywa na watu, kwa miezi mingi.

Jibu lililokuja baadaye

Mwaka 1895, huko Zululand, muganga David Bruce alionyesha kwamba mbung'o hauui kwa sumu yake. Anabeba kijidudu kinachoishi ndani ya damu. Farasi, ngamia na ng'ombe wengi hawakiwezi. Ng'ombe wa aina ya N'Dama, mwenye asili ya Afrika ya Magharibi, anavumilia zaidi, ndiyo maana aliletwa Kongo. Kwa hiyo hata kama askari wa 1866 wangekuwa na huruma, ngamia wale hawangefika Kabambare. Lakini mnyama aliyepumzishwa na kulishwa vizuri angeishi muda mrefu zaidi, na Livingstone angejua kilichomwua.

Kuna aina ya kijidudu hicho inayoshika watu pia, na Maniema ni moja kati ya majimbo yanayojua ugonjwa wa usingizi. Unaanza na homa inayokuja na kuondoka, kuumwa kichwa, na tezi za shingo kuvimba. Mtu anaweza kujisikia vizuri kwa miezi, kama yule farasi wa Kolobeng ambaye nywele zake ziling'aa wakati ugonjwa ungali damuni. Leo kuna vipimo vya damu na vidonge vya kumeza, na arseniki haihitajiki kama zamani. Timu ya kupima ikipita kijijini, ni vizuri kutoa kidole hata kama homa imekwisha kuondoka.