Ismail al-Jazari: Fundi Aliyekusanya Elimu na Amali

Wako wengi katika miji yetu wanaodhani ya kuwa vyombo vidogo vya kuundwa kwa mikono, kama vile saa za mbao, jahazi za vipande, na magurudumu ya meno yanayozunguka juu ya meza, ni michezo ya watoto tu; na mtu mzima aketiye usiku kuvifunga na kuvifungua huonekana kuwa amepoteza wakati wake. Hatukatai kwamba uko mchezo usio na faida. Lakini historia yatuonyesha mtu aliyetumia umri wake katika vyombo vya namna hiyo, na kazi yake ikawa darsa kwa mafundi wa mataifa mengi. Mtu huyo ni al-Jazari. Maisha yake yafaa kusomwa kwa makini, yale ya kutufurahisha na yale ya kututia mashaka.

Nasaba na makao yake

Jina lake kamili ni Badi' al-Zaman Abu al-'Izz Ismail bin al-Razzaz al-Jazari. Badi' al-Zaman ni lakabu, na maana yake ni ajabu ya zama zake. Al-Jazari ni nisba ya nchi ya al-Jazira, iliyo baina ya mito ya Dajla na Furati upande wa juu. Aliishi katika karne ya sita ya Hijria, yaani karne ya 12 ya Miladi.

Watawala aliowatumikia walikuwa wa ukoo wa Bani Artuq, na mji aliofanyia kazi yake iliyo mashuhuri ni Amid, ambao leo waitwa Diyarbakır katika nchi ya Uturuki. Mji huo ulitwaliwa na Sultani Salahuddin al-Ayyubi mwaka 1183, naye akampa Nuruddin Muhammad wa Bani Artuq. Al-Jazari alimtumikia Nuruddin, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha mwanawe wa pili Nasiruddin Mahmud, aliyetawala tangu mwaka 1200 hata 1222. Huduma yake kwa baba na kwa ndugu mkubwa peke yake ilikuwa imefikia miaka 25.

Mfalme Mahmud alitambua jambo ambalo wafalme wengi hawakulitambua. Aliona kwamba vyombo vile vya ajabu vimo katika mikono ya mtu mmoja, na mtu yule akifa, ufundi wake utafukiwa pamoja naye. Basi akamwamuru auandike. Kitabu kikatimia mwaka 602 wa Hijria, sawa na 1206 Miladi, na yasadikiwa kuwa mwandishi wake alifariki karibu na wakati huo huo.

Kitabu chake

Kitabu hicho kina majina mawili. La kwanza ni Kitabu cha Maarifa ya Hila za Kihandisi. Neno hila, ambalo katika Kiswahili chetu limebaki na maana ya werevu wa udanganyifu, kwa mafundi wa Kiarabu lilikuwa na maana nyingine: ni werevu wa kuitumia nguvu ya maji, ya uzito na ya hewa hata chombo kitende kazi chenyewe. Jina la pili ndilo lenye kutuhusu zaidi, nalo ni Mkusanyo baina ya Elimu na Amali yenye Manufaa.

Ndani yake mna vyombo 50 katika mafungu sita. Kumi ni saa za maji na za mishumaa. Kumi ni vyombo vya mabaraza ya vinywaji. Kumi ni mabirika na mabeseni ya kutawadhia na ya kupimia damu itolewayo na mganga. Kumi ni chemchemi zinazobadilisha umbo pamoja na zumari zinazolia kwa nguvu ya maji. Tano ni mitambo ya kupandisha maji. Na tano za mwisho ni mchanganyiko, mkiwamo mlango wa shaba wa jumba la mfalme na kufuli ya duru nne za herufi, isiyofunguka ila kwa aijuaye siri yake.

Saa ya tembo

Kilicho mashuhuri zaidi ni saa ya tembo. Tumboni mwa tembo huyo wa kuundwa mna tangi la maji, na juu ya maji huelea bakuli lenye tundu dogo sana chini yake. Maji huingia taratibu, na bakuli huzama muda wa nusu saa. Likielekea kuzama huvuta kamba inayomzungusha mwandishi aliyeketi mgongoni mwa tembo, na ncha ya kalamu yake huonyesha kiasi cha wakati kilichopita. Bakuli lizamapo kabisa, tufe la chuma huachiliwa juu kabisa, ndege akazunguka, na tufe likatoka kinywani mwa kozi na kuangukia kinywani mwa joka. Joka huinama kwa uzito wake, akalitua tufe katika chombo, naye mpanda tembo akapiga. Kule kuinama kwa joka ndiko kunakolivuta bakuli juu tena likiwa tupu, na hesabu ya nusu saa nyingine ikaanza.

Mtazamaji huona ndege na majoka akacheka kwa furaha. Mwenye kufikiri huona kwamba tufe moja limefanya kazi mbili: limetangaza wakati, na limekitayarisha chombo kwa zamu ijayo. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa elimu.

Namna yake ya kufanya kazi

Al-Jazari alisoma vitabu vya waliomtangulia, vya Wayunani na vya Waislamu, wakiwamo wana watatu wa Musa bin Shakir wa Baghdad. Hakuwadharau, wala hakuwafuata kwa upofu. Aliona kwamba ufundi usiohakikishwa kwa mikono hubaki ukining'inia baina ya kweli na uongo, hata kama umeandikwa na mtu mkubwa.

Tuchukue mfano wa saa yake kubwa ya maji. Zama zile mchana uligawanywa katika saa kumi na mbili tangu jua kuchomoza hata kutua, uwe mrefu au mfupi. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuoni tofauti kubwa, lakini kule Amid mchana wa kiangazi hukaribia saa 15, na wa baridi hauzidi saa 10. Basi saa ya maji yapasa kupunguza au kuongeza mwendo wa maji kila siku. Waliotangulia walikuwa na chombo cha kurekebisha mwendo huo, chenye alama zilizogawanywa katika nusu duara. Al-Jazari alikijaribu, akaona hakisemi kweli. Hakutosheka na kulaumu; aliendelea kupima hata akaunda chombo chake mwenyewe kilichokubaliana na siku zote za mwaka.

Aliunda kwanza mifano ya karatasi kabla ya kugusa shaba. Alibandika mbao juu ya mbao ili zisipinde. Alisubu shaba katika kalibu za mchanga uliofungiwa ndani ya masanduku. Aliyasawazisha magurudumu ili yasiwe mazito upande mmoja. Vilango vya maji alivisugua pamoja na vizibo vyao kwa unga wa jiwe kali, hata lisipite tone. Na yote hayo akayaandika kipande kwa kipande, kwa vipimo na picha na herufi za kuonyesha kila sehemu, ili fundi asiyemjua, katika mji asioufika, aweze kukiunda chombo kile kile. Hakuficha siri ya kazi, kama wafanyavyo mafundi wengi hata leo.

Yenye kututia mashaka

Haitupasi kumwandika mtu kwa kumpamba tu. Fungu zima la kitabu chake ni vyombo vya mabaraza ya ulevi wa wafalme. Humo mna mashua yenye wapiga ngoma na zumari wa kuundwa, iliyoelea katika bwawa ili kuwastarehesha walevi. Alikuwa mtumishi wa jumba, na jumba likiamuru starehe, fundi huunda starehe.

Lakini yupo pia mtumishi wa shaba mwenye birika. Mfalme Mahmud hakupenda mtumwa au kijakazi asimame kummiminia maji ya udhu, akamtaka al-Jazari amtengenezee chombo cha kufanya kazi hiyo, naye akakiunda. Na zipo zile mashine za kupandisha maji. Mojawapo ina mabomba mawili ya shaba: gurudumu lililozungushwa na mto husukuma vizibo viwili kwa zamu, hiki kikifyonza maji, kile kikayarusha juu. Wanahistoria wa ufundi waihesabu miongoni mwa pampu za mwanzo zijulikanazo zenye bomba la kufyonzea. Boya, kamba, kilango na gurudumu ni vile vile katika kikombe cha mlevi na katika kisima cha mkulima. Ufundi hauchagui, mwenye kuchagua ni yule anayeuamrisha, na jamii inayomlisha fundi.

Yaliyokipata kitabu

Kitabu kilinakiliwa kwa karne nyingi, na picha zake zilipakwa rangi na dhahabu. Lakini nakala moja nzuri iliyoandikwa mwaka 1354 ilikatwakatwa. Kurasa zenye picha ziling'olewa, zikauzwa, na leo zimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ikiwamo ya Boston. Waliozing'oa walitaka picha. Maelezo ya kuunda hawakuyahitaji.

Je, sisi tumefanya nini kilicho bora kuliko hao? Jina la al-Jazari twalitaja katika hotuba, tukajivuna kwamba Waislamu walitangulia, kisha tukarudi nyumbani ambako saa ikisimama hapana mtu anayethubutu kuifungua. Huko nako ni kung'oa picha na kuyaacha maelezo.

Mwaka 1974 mhandisi Mwingereza, Donald Hill, alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, na mwaka 1979 mwanachuoni Ahmad Yusuf al-Hassan alikitoa kwa Kiarabu huko Halab. Mwaka 1976 saa yake kubwa ya maji iliundwa upya mjini London kwa kufuata maandishi yake, ikaenda. Baada ya miaka 770, mafundi wasiomjua waliyasoma maneno yake, na maneno yakatimia. Leo mfano wa saa ya tembo umo katika jumba la makumbusho la Istanbul lililofunguliwa mwaka 2008, na watu wazima katika nchi nyingi hununua vipande vya mbao na shaba, wakaunda mezani mwao mifano ya saa, ya sayari na ya mashine.

Asiye na uwezo wa kununua asijihesabu kuwa amenyimwa. Na achukue bakuli jepesi la bati, alitoboe tundu dogo kwa msumari mwembamba, aliweke juu ya maji katika ndoo, na apime kwa saa muda linaochukua kuzama. Kisha alipanue tundu kidogo, apime tena, na aandike. Wanawe na wakae naye. Hapo atakuwa ameshika mwanzo wa saa ya tembo, na amekusanya elimu na amali, angaa kwa kadiri ya bakuli moja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ismail al-Jazari, amsamehe alipokosea, na atujaalie kuwa warithi wa kazi yake, si wa sifa zake tu.