Tom Mboya: Aliyepanga elimu kwa kuzingatia ajira

MAREHEMU Tom Mboya hukumbukwa zaidi kama mwanasiasa shupavu na mtetezi wa wafanyakazi. Hata hivyo, maisha yake yana funzo jingine lisilotajwa sana: kwamba elimu na kazi ni mambo yanayopaswa kupangwa kwa pamoja.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako babake alikuwa msimamizi. Alisomea Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u, lakini ukosefu wa karo ukamzuia kuendelea. Mnamo 1948 alijiunga na Chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Alipohitimu, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Huko alikumbana na ukweli mchungu. Cheti kilikuwa kimempa kazi, lakini Mwafrika alilipwa mshahara duni kuliko Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Dhuluma hiyo ilimsukuma katika harakati za wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao.

Uhuru ulipokaribia, Mboya alitambua hatari iliyokuwa mbele. Nchi ingepata bendera yake ilhali ofisi, hospitali na viwanda vingeendelea kutegemea wageni. Nafasi katika Chuo cha Makerere zilikuwa chache mno. Hivyo, mnamo 1959 alizuru Marekani kutafuta ufadhili, na Septemba mwaka huo vijana 81 wakaabiri ndege kuelekea New York.

Maafisa wa kikoloni walibeza elimu ya Marekani, lakini Mboya hakurudi nyuma. Mwaka wa 1960, wakfu wa familia ya John F. Kennedy ulitoa dola 100,000 kugharimia safari zaidi. Miongoni mwa walionufaika mwaka huo ni Wangari Maathai, aliyerejea nchini akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mnamo 2004 akatuzwa Nobeli ya Amani.

Mboya aliteuliwa Waziri wa Leba mwaka wa 1962. Mwaka huo huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mkataba wa kuongoza uhusiano kazini. Baadaye, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, wizara yake ilichapisha ripoti mnamo 1965 iliyokadiria wataalamu ambao Kenya ingehitaji hadi 1970. Kwa hesabu kama hizo, taifa lingejua mapema limsomeshe nani, na kwa kazi gani.

Alipigwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38, na akazikwa katika kisiwa cha Rusinga.

Kwa mzazi wa mtaa wa Kapsoya jijini Eldoret, anayejinyima ili mwanawe asome, swali la Mboya bado lina uzito. Karo ikishalipwa na cheti kupatikana, je, kuna mwajiri aliyeshirikishwa mapema na anayemsubiri kijana huyo? Mboya hakungoja wahitimu watoke vyuoni ndipo aulize watafanya kazi gani. Shule, vyuo na waajiri wana wajibu wa kuketi pamoja na kuuliza mapema kama alivyofanya yeye.