Luigi Broglio: Profesa Aliyerusha Roketi Ngomeni Kabla Tuzaliwe

Kwa muvi za kitambo za sayansi, profesa ni kichaa tu. Nywele zimesimama, macho yametoka, anataka kuunda mtu ama kwenda mwezini. Rotwang wa Metropolis, ile ya 1927, hadi mkono alikuwa nao wa chuma. Sasa wasee wa Kakuyuni, huku kwetu Malindi tulikuwa na profesa wa roketi, na huyu hakuwa anaigiza.

Luigi Broglio alizaliwa 1911 kule Mestre, karibu na Venice. Akasomea uinjinia, akaingia jeshi la anga la Italia hadi akawa jenerali, na bado akawa profesa Chuo Kikuu cha Rome. Mwaka wa 1964 mbogi yake ilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, lakini kutoka Marekani. Mzae alitaka kiwanja chake. Wazo lake ndio lilikaa muvi kabisa: roketi ipae kutoka kwa jukwaa lililosimama baharini, hapo Ngomeni.

Wazimu huo ulikuwa na hesabu zake. Karibu na ikweta ardhi inazunguka mbio zaidi, kwa hivyo roketi inasukumwa bure. Mashariki nako ni bahari tupu, kitu kikianguka hakiangukii boma la mtu. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa, ikiwa na mzani aliobuni Broglio mwenyewe wa kupima hewa nyembamba ya huko juu. (Hata ile kuhesabu kurudi nyuma hadi sifuri ilianzia kwa muvi, Frau im Mond ya 1929.)

Lakini noma yenyewe ilikuja 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Wamarekani walileta setilaiti ya kusaka eksirei za angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo pekee, na timu ya Broglio ikairusha. Ikabatizwa Uhuru. Data yake ndio ilifanya wanasayansi washuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Neno letu liko kwa vitabu vya astronomia kila mahali, na vijana wengi wa Kilifi hawana habari. Hiyo mimi naona si poa.

Setilaiti tisa zilirushwa hapo. Ya mwisho ilienda Machi 1988, kisha kimya. Broglio alifariki Januari 2001 akiwa na miaka 89, na kituo kikapewa jina lake. Roketi haijapaa tena, ila majukwaa bado yako majini. Ukifika Ngomeni, tazama upande wa bahari.