E. E. Evans-Pritchard

Edward Evan Evans-Pritchard (Crowborough, Uingereza, 21 Septemba 1902 – Oxford, 11 Septemba 1973) alikuwa mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hasa katika Sudan ya kusini. Anajulikana kwa vitabu vyake kuhusu Waazande na Wanuer. Maelezo yake juu ya Wanuer na ng'ombe wao ni kati ya kazi za mwanzo zilizoonyesha kwamba jamii ya watu haiwezi kueleweka bila wanyama wanaoishi nao.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Alisoma historia katika Chuo cha Exeter, Oxford, kisha anthropolojia mjini London chini ya Charles Seligman na Bronisław Malinowski. Mwaka 1926 alianza utafiti kati ya Waazande, wakulima wasiofuga ng'ombe kwa sababu nchi yao ina mbung'o. Huko mnyama muhimu alikuwa kuku: mtu aliyetaka kujua kama amerogwa alimpa kuku sumu, na kufa au kupona kwa kuku huyo kulikuwa jibu. Kitabu chake juu ya uchawi wa Waazande kilitolewa mwaka 1937.

Utafiti kwa Wanuer

Evans-Pritchard alifika kwa Wanuer mwaka 1930 kwa ombi la serikali ya kikoloni. Wakati huo serikali hiyo ilikuwa imetoka kupigana nao: ndege za Waingereza zilishambulia watu na mifugo, na nabii Guek Ngundeng aliuawa mwaka 1929. Kwa hiyo wenyeji walimwona mgeni huyo kama mtu wa upande wa adui, wakakwepa maswali yake, hata yale ya majina na koo zao. Alirudi mara kadhaa hadi mwaka 1936, akakaa nao jumla ya mwaka mmoja hivi.

Jambo ambalo watu walikubali kulizungumza ni ng'ombe. Aligundua kwamba mazungumzo yoyote, hata ya vijana na wasichana, yaliishia kwenye mifugo. Hivyo alijifunza majina mengi ya rangi, mabaka na pembe za ng'ombe, na kupitia hayo akaanza kuelewa mambo mengine.

Alieleza kwamba Wanuer walitumia maziwa na damu kama chakula, samadi kavu kama kuni, majivu yake kwa kusafishia meno, na ngozi kwa kulalia. Saa za siku zilihesabiwa kwa kazi za zizini. Kijana aliyeingizwa katika utu uzima kwa kuchanjwa kipaji cha uso alipewa maksai na baba yake, akaitwa kwa jina linalotokana na mnyama huyo. Mahari, ambayo kwa desturi ilifikia ng'ombe 40 hivi, iligawanywa kati ya ndugu wa upande wa baba na wa mama wa bibi arusi. Kwa hiyo safari za ng'ombe zilionyesha nani ni ndugu wa nani. Mtu akiuawa, fidia pia ililipwa kwa ng'ombe.

Kwa maoni yake, faida haikuwa ya upande mmoja. Ng'ombe alimlisha mtu, lakini mtu naye alitumia maisha yake kumtafutia malisho, kumkinga na mbu kwa moshi na kumlinda. Kwa kawaida ng'ombe hakuchinjwa kwa sababu ya nyama tu, bali kama sadaka kwa ajili ya mtu. Asiye na ng'ombe aliweza kutoa tango badala yake. Hayo aliyaeleza katika vitabu vya mwaka 1940, 1951 na 1956.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1936 alifanya pia utafiti mfupi kati ya Wajaluo wa Kenya, ambao ni Waniloti kama Wanuer. Katika Vita Kuu ya Pili aliongoza wapiganaji wa Kianuak dhidi ya Waitalia, kisha akatumwa Libya. Mwaka 1944 alijiunga na Kanisa Katoliki. Alikuwa profesa wa Oxford kuanzia 1946 hadi 1970, na mwaka 1971 alipewa cheo cha Sir.

Urithi

Mwanafunzi wake Mary Douglas aliendeleza swali la wanyama katika utamaduni alipoandika juu ya kakakuona kati ya Walele wa Kongo.

Evans-Pritchard amelaumiwa kwa kuwaeleza Wanuer kana kwamba hawabadiliki, ingawa mwanzoni mwa kitabu cha 1940 alisimulia jinsi askari walivyozingira kambi alimoishi na kuchukua mateka. Sharon Hutchinson, aliyewatafiti Wanuer tangu miaka ya 1980, alionyesha jinsi fedha, vita na serikali zilivyobadilisha maana ya ng'ombe. Walianza kutofautisha ng'ombe walionunuliwa kwa fedha na wale waliopatikana kwa mahari.