Padre Matteo Ricci: Mmisionari Aliyekubali Kufundishwa

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: popote aendapo huonekana, hutazamwa na kunyoshewa kidole. Neno hili humpata kila mmisionari. Huondoka kwao akiwa amesoma, ametumwa na Kanisa na ana moyo wa kujitoa. Akifika ugenini hujikuta kama mtoto mdogo asiyejua kusema, asiyejua kusalimu, wala asiyejua avae nini. Wengi hudhani kwamba kazi ngumu ya mmisionari ni kufundisha. Maisha ya Padre Matteo Ricci, Myesuiti aliyejitoa kwa ajili ya watu wa China hadi kufa kwake, yanaonesha kwamba kazi ngumu zaidi ni kukubali kufundishwa.

Kutoka Macerata hadi Macau

Matteo Ricci alizaliwa katika mji wa Macerata, nchini Italia, tarehe 6 Oktoba 1552. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifariki dunia katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China aliyotamani kuiinjilisha lakini hakujaliwa kuingia. Baba yake Matteo alimpeleka Roma asome sheria. Kijana huyo akaiacha sheria, na tarehe 15 Agosti 1571, Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, akajiunga na Shirika la Yesu. Katika Chuo cha Roma alifundishwa hisabati na elimu ya nyota na Padre Christopher Clavius, mmoja wa wataalamu walioandaa kalenda ya Papa Gregori XIII tunayoitumia hadi leo.

Mwezi Machi 1578 alipanda merikebu mjini Lisbon, na baada ya takribani miezi sita baharini akafika Goa, India. Mwaka 1580 alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mjini Cochin, na mwezi Agosti 1582 akatia mguu Macau, mji wa Wareno mlangoni mwa China. Hakurudi tena Italia.

Macau ya siku zile ilikuwa na desturi moja nzito. Mchina aliyeomba ubatizo alitarajiwa kuchukua jina la Kireno, kuvaa kama Mreno na kuishi kama Mreno. Padre Alessandro Valignano, msimamizi wa utume wa Wayesuiti katika nchi za mashariki, aliona kwamba kwa njia hiyo Injili ingebaki kuwa mali ya wageni. Akaagiza wamisionari wajifunze kwanza lugha na desturi za wenyeji. Padre Michele Ruggieri alikwisha kuanza masomo hayo, na Ricci akaungana naye. Alikuwa mtu mzima, padre, mwenye elimu ya kutosha. Akaketi kama mtoto wa darasa la kwanza kujifunza lugha ambayo sauti ikipanda au kushuka neno hubadilika maana, na ambayo maandishi yake yana maelfu ya alama.

Vazi lisilofaa

Mwezi Septemba 1583 mapadre hao wawili waliruhusiwa kukaa Zhaoqing, kusini mwa China. Ili wasionekane wageni mno, walinyoa nywele na ndevu, wakavaa kanzu za watawa wa dini ya Kibuddha. Nia yao ilikuwa njema: kwa kuwa walikuwa watu wa dini, walidhani vazi la watu wa dini wa nchi ile lingewatambulisha vyema.

Lakini nia njema haiondoi kutoelewana. Walipoweka picha ya Bikira Maria juu ya altare, baadhi ya wageni waliofika walidhani kwamba Mungu wa mapadre hao ni mwanamke. Ikabidi waweke mahali pake picha ya Kristo Mwokozi. Majirani waliwashuku, na mara nyingine nyumba yao ilirushiwa mawe. Ruggieri alirudi Ulaya mwaka 1588. Mwaka uliofuata kiongozi mpya wa jimbo akamfukuza Ricci kutoka Zhaoqing, akahamia Shaozhou.

Huko ndiko msalaba ulipokuwa mzito. Mwenzake, Padre Antonio de Almeida, alifariki dunia kwa ugonjwa mwaka 1591. Usiku mmoja wa mwaka 1592 wavamizi waliingia nyumbani mwao. Ricci akaruka dirishani kujiokoa, akaumia mguu, na jeraha hilo likamwacha akichechemea. Mwaka 1593 akamzika mwenzake mwingine, Padre Francesco de Petris. Miaka kumi ilikuwa imepita, na waliobatizwa walikuwa wachache sana.

Katika siku hizo rafiki alimsaidia kuona asichokuwa amekiona. Qu Taisu, mtoto wa familia ya maofisa, alimwendea akitumaini kujifunza namna ya kutengeneza fedha kutoka metali nyingine. Badala yake alijifunza hisabati, akawa rafiki wa kweli. Yeye ndiye aliyemsaidia Ricci kuelewa kwamba wasomi wenye sauti katika China ya wakati ule hawakuwaheshimu sana watawa wa Kibuddha. Kanzu aliyoivaa ili akubalike ndiyo iliyokuwa ikimfungia milango.

Ricci angeweza kujitetea. Angeweza kusema amelivaa vazi lile miaka mingi na kwa utii. Badala yake alikubali kusahihishwa. Kwa idhini ya Padre Valignano aliacha nywele na ndevu zikue, na mwaka 1595 akaanza kuvaa joho la hariri la wasomi. Zaidi ya vazi, alijitia katika masomo yao: alisoma maandiko ya Confucius na kutafsiri kwa Kilatini Vitabu Vinne vilivyokuwa msingi wa elimu ya Wachina. Mwalimu wa dini akawa kwanza mwanafunzi wa hekima ya wenyeji wake.

Mlango wa urafiki

Mwaka huo wa 1595 alisafiri kuelekea kaskazini. Njiani mashua ilipinduka mtoni; kijana João Barradas, aliyekuwa akijiandaa kwa maisha ya kitawa, akazama na kufa. Ricci aliokoka akiwa na majonzi makubwa. Akafika Nanchang, na huko akaandika kwa Kichina kitabu kidogo kuhusu urafiki, akikusanya mawazo ya wenye hekima wa Ulaya. Wasomi walikipokea kwa furaha, maana hata Confucius alihesabu urafiki miongoni mwa mahusiano makuu ya binadamu. Kwa jina la Kichina, Li Madou, akaanza kujulikana mbali.

Elimu yake nayo ilitumikia Injili. Ramani ya dunia aliyoichora kwanza Zhaoqing mwaka 1584, na kuipanua Beijing mwaka 1602, iliandikwa kwa Kichina, na nchi ya China aliiweka karibu na katikati. Hakubadili ukweli wa bahari na mabara, bali alimheshimu msomaji wake.

Safari yake ya kwanza Beijing, mwaka 1598, ilishindikana kwa sababu ya vita vilivyokuwa vikiendelea Korea. Alipojaribu tena mwaka 1600, towashi mmoja mwenye mamlaka alimzuia njiani kwa miezi kadhaa. Alipokuta msalaba ndani ya mizigo, alidhani sanamu ile ya mtu aliyepigiliwa misumari ni uchawi wa kumwua Kaizari. Ricci akalazimika kueleza fumbo la Msalaba mbele ya watu waliokasirika, akiwa hatarini.

Hatimaye aliingia Beijing tarehe 24 Januari 1601. Kaizari Wanli alipendezwa na saa zinazogonga kengele zenyewe, na mapadre wakapewa ruhusa ya kuingia katika jumba lake kuzitunza. Kaizari mwenyewe hakuwahi kuonana na Ricci uso kwa uso. Lakini nyumba ya mapadre ilijaa wageni kila siku. Mmoja wa marafiki wa Ricci, Xu Guangqi, alibatizwa mwaka 1603 kwa jina la Paulo. Mwaka 1607 wawili hao walichapisha kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometri ya Euclid. Naye Qu Taisu, rafiki wa siku za taabu, alibatizwa mwaka 1605 kwa jina la Inyasi.

Mavuno ya wengine

Padre Matteo Ricci alifariki dunia Beijing tarehe 11 Mei 1610, akiwa na umri wa miaka 57, amechoka kwa kazi na kwa kupokea wageni. Kaizari alitoa ardhi ya kumzika, heshima isiyokuwa ya kawaida kwa mtu wa nje. Wakati huo Wakatoliki katika China nzima walikuwa takribani 2,500. Kwa hesabu ya macho ya watu, ni wachache kwa miaka mingi hivyo.

Hata njia yake ilitiliwa shaka baada ya kifo chake. Ricci aliona kwamba heshima wanayotoa Wachina kwa wahenga wao si ibada ya miungu, hivyo Mkristo angeweza kuitoa. Mashirika mengine hayakukubaliana naye, na katika karne ya 18 Roma ilizikataza ibada hizo. Mwaka 1939, wakati wa Papa Pio XII, ruhusa ilitolewa. Tarehe 17 Desemba 2022 Baba Mtakatifu Francisko aliridhia hati inayotambua fadhila zake za kishujaa.

Leo nasi Waafrika tumekuwa watu wa kutumwa. Mapadre, watawa na walei wetu wanatumikia katika nchi ambazo lugha, chakula, baridi na ukimya wa watu huwaelemea. Katika miezi ya mwanzo hujaribiwa kujifungia na wenzao au kuwahukumu wenyeji kwa kipimo cha nyumbani. Ricci anawaonesha njia nyingine: kujifunza lugha hadi kufikiri ndani yake, kutafuta rafiki anayeweza kutuambia ukweli, na kuwa tayari kulivua vazi tulilolivaa kwa nia njema ikiwa linamficha Kristo. Sisi tunaobaki nyumbani nasi tuna wageni parokiani. Wao ni kuku weupe kati yetu, na wanahitaji rafiki kama Qu Taisu.

Tumwombe Mungu awajalie wote waliotumwa mbali unyenyekevu wa kufundishwa, na uvumilivu wa kupanda mbegu ambayo wengine wataivuna.